Mji wa nne kwa ukubwa, timu ya kuazima: Shabiki wa Ruiru atazamie nini?

SENSA ya mwaka 2019 iliuweka mji wa Ruiru katika nafasi ya nne nchini kwa wingi wa watu. Wakazi wake walihesabiwa kuwa 490,120, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru pekee, na mbele ya Eldoret na Kisumu.

Mombasa ina Bandari. Nakuru iliilea Ulinzi Stars kwa miaka mingi katika uwanja wa Afraha. Na Ruiru je? Jina maarufu zaidi la mji huu lenye nambari 11 ndani yake ni Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa hapa mjini mwaka 1985 ili kustahimili magonjwa yaliyokuwa yakiwafilisi wakulima. Ni kahawa yenye sifa kubwa, lakini haijawahi kufunga bao.

Kwa hivyo shabiki wa kandanda wa Ruiru ni mtu wa kupanda matatu. Akitaka kuona mechi ya Ligi Kuu, ama ateremke kuelekea jijini hadi Kasarani, ama apande kuelekea Thika, apite Kimbo, Toll, Juja na Witeithie, kisha aungane na wenzake katika uwanja wa manispaa. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliozoea safari hiyo ya pili, na ndiyo inayomfanya leo aulize: sisi mashabiki wa ukanda huu wa Barabara Kuu ya Thika tuna timu gani hasa, na tutakuwa nayo kwa muda gani?

Jibu la zamani lilikuwa jepesi. Timu yetu ilikuwa Thika United.

Haikuwa timu kubwa. Haikutwaa ubingwa wa ligi, wala haikuwa na umati wa kutikisa jiji kama wa Gor Mahia au AFC Leopards. Lakini katika karibu miaka yote ya kuanzia 2010 hadi 2018 ilikuwamo kwenye Ligi Kuu, na vigogo walioingia Thika wakidhani wamekuja kuokota pointi tatu walirejea Nairobi mara kadhaa wakiwa wamenuna. Ilikuwa timu ya kusumbua wakubwa, na shabiki wa mji mdogo hahitaji raha kuliko hiyo.

Jambo lililotufanya sisi wa Ruiru tuione kuwa yetu pia ni mdhamini wake. Thika United ilidhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, ambayo makao yake makuu yako papa hapa Ruiru. Magazeti yakaizoea kuiita timu ya wauza maziwa. Jina la uwanja na mji lilikuwa la Thika, ila maziwa yalikuwa ya Ruiru, nasi tukaridhika na mgao huo.

Timu hiyo pia ilijua kulea vipaji. Francis Kahata alipitia Thika United kabla ya kwenda KF Tirana ya Albania, kisha akarejea kung'aa na Gor Mahia na baadaye Simba ya Tanzania. Dennis Odhiambo alikuwa mhimili wa safu ya kati ya Thika kabla ya kuhamia Sofapaka. Wote wawili walikuwa katika kikosi cha Harambee Stars kilichoenda Misri kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, ambako Kenya iliilaza Tanzania 3-2.

Inasikitisha kwamba kufikia wakati huo timu iliyowakuza haikuwa tena katika Ligi Kuu. Msimu wa 2018 ulipofika tamati, Thika United na Wazito ndizo zilizoshuka daraja. Wazito ilijinyanyua na kurejea. Thika United haikurejea.

Ni vyema kukumbuka jinsi kifo cha timu kinavyotokea, maana hakifanani na kifo cha mtu. Hakuna matanga wala tangazo la mazishi. Kwanza ratiba inahamia ligi ya chini ambayo redio hazitaji matokeo yake. Kisha wachezaji wazuri wanaondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake na hakuna wa kulaumiwa. Halafu siku moja unamuuliza kondakta kama leo Thika kuna mechi, naye anakutazama kana kwamba umemuuliza bei ya chumvi mwaka wa 1970.

Kwa misimu miwili Thika ilikaa bila timu katika Ligi Kuu. Kisha mwaka 2020, janga la corona liliposimamisha michezo na Ligi ya Taifa ya Supa kumalizwa kabla ya wakati, Nairobi City Stars na Bidco United zikapandishwa daraja. Bidco United ni timu ya Thika, na kama jina linavyojieleza, ni timu ya kampuni ya mafuta ya kupikia na sabuni ambayo viwanda vyake vimekuwa mjini humo tangu miaka ya tisini. Tulitoka kwenye maziwa tukaingia kwenye mafuta. (Msafiri wa Ruiru anayeelekea uwanjani hupita kituo cha Kimbo, na Kimbo ya mkebeni ni mafuta ambayo Bidco iliyanunua kutoka kwa Unilever mwaka 2002. Huenda ni sadfa tu, lakini matatu ikikwama hapo mtu hupata muda wa kuwaza mambo kama hayo.)

Mgala muue na haki yake mpe. Bidco United imejitahidi. Tangu msimu wa 2020-21 hadi ule wa 2024-25 ilisalia katika Ligi Kuu, ilhali Nairobi City Stars waliopanda nayo walishushwa mwaka 2025. Ni timu isiyo na makeke, inayocheza kwa nidhamu na kuwapa nafasi vijana ambao klabu kubwa haziwatazami. Kwa shabiki anayetaka tu kuona soka ya daraja la juu karibu na kwake, hiyo ni neema.

Hata hivyo, yeyote aliyeketi katika uwanja wa Thika siku ambayo Bidco haichezi na Gor Mahia au Leopards ameona viti. Ameviona vyote. Na siku ambayo vigogo hao wanakuja, uwanja unajaa watu waliokuja kuwashangilia wageni, timu ya nyumbani ikabaki mgeni katika mji wake.

Wapo wanaosema kosa ni la mashabiki. Eti vijana wa Ruiru na Thika wameuza roho zao Uingereza, wanamfahamu mchezaji wa akiba wa Arsenal lakini hawamfahamu mlinda lango wa Bidco. Kuna ukweli fulani hapo. Jioni ya Jumamosi kumbi za video mtaani hujaa hadi mlangoni, na ada hulipwa bila manung'uniko.

Lakini hoja hiyo haitoshi. Tazama Kisii. Shabana iliposhuka daraja mwaka 2006, ilikaa nje ya Ligi Kuu miaka 17, nayo miaka hiyo 17 ndiyo hasa iliyokuwa ya kupanuka kwa soka ya Uingereza katika televisheni za Kenya. Iliporejea mwaka 2023, uwanja wa Gusii ulifurika, na mashabiki wake wakaifuata timu hata ugenini kwa misafara ya magari. Vijana wa Kisii nao wanaitazama Arsenal. Kuitazama Arsenal hakujawazuia kuipenda Shabana.

Jambo la kuvutia ni kwamba Shabana nayo ilianza kwa jina la biashara. Lilikuwa jina la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Duka likasahaulika na jina likachukuliwa na watu, hata leo wengi wanaoliimba uwanjani hawajui kwamba liliwahi kuandikwa juu ya mlango wa kuuzia misumari. Ndiyo maana timu ilivumilia miaka 17 ya mashaka: kulikuwa na watu walioamini kwamba ni yao, wakaendelea kuichangia na kuigombania hata pale ugomvi wenyewe ulipoiumiza.

Thika United haikupata bahati hiyo. Iliposhuka, hakuna aliyejua wa kumuuliza. Hatukuwa na kadi za uanachama, hatukuwa na mkutano wa mwaka, hatukuwa na hata afisi ya kwenda kupiga kelele. Tulikuwa watu waliolipa mlangoni, na aliyelipa mlangoni haki yake huisha dakika ya 90.

Historia ya soka yetu imejaa makaburi ya aina hii. Oserian Fastac, timu iliyohusishwa na shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena 2002. Miaka michache baadaye jina hilo likatoweka kabisa katika soka. SoNy Sugar walitwaa ubingwa mwaka 2006, na katika msimu wa 2019-20 wakatimuliwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Nakumatt FC ilibeba jina la maduka makubwa. Maduka yalipoporomoka, timu ikabatizwa upya kuwa Mount Kenya United, ikacheza msimu wa 2018-19 na kushuka.

Katika visa hivyo kosa la uwanjani lilikuja baadaye. Kilichotangulia ni hesabu za biashara iliyokuwa nyuma ya timu, iwe sukari imekwama kiwandani au rafu za maduka zimebaki tupu. Kampuni ikianza kukata matumizi, timu ya mpira haiwezi kutangulia mshahara wa wafanyakazi wa kiwandani, wala haipaswi kutangulia. Sioni ubaya wa mkurugenzi anayeamua hivyo. Ubaya ni sisi kuujenga mpira wa mji mzima juu ya uamuzi ambao mtu mmoja anaweza kuufanya asubuhi moja akinywa chai.

Upande wa pili wa hoja hii nao una uzito, na haifai kuufumbia macho. Timu za mashirika ndizo zinazolipa mishahara. Tusker ni mabingwa wa mara nyingi, na nyuma yao kuna kampuni ya bia. Kenya Police walitwaa taji lao la kwanza katika msimu wa 2024-25. Wakati huohuo, klabu za wanachama tunazozisifu, Gor Mahia na AFC Leopards, zimeandamwa kwa miaka na malalamiko ya mishahara iliyocheleweshwa, hasa baada ya SportPesa kusitisha udhamini wake mwaka 2019 kufuatia mvutano wa kampuni hiyo na serikali kuhusu kodi. Mchezaji mwenye mke na watoto akiulizwa achague kati ya umati unaomwimba na mshahara unaofika tarehe 30, najua atachagua nini.

Basi kwa nini Gor na Leopards hazifi? Zimekosa mdhamini, zimepigwa faini, zimegombana mahakamani, na Gor ilikaa bila ubingwa kuanzia 1995 hadi 2013. Timu ya kampuni ingevunjwa katika mwaka wa nne wa ukame huo. Gor ilidumu, ikazoa mataji mfululizo, na kufikia 2024 ilikuwa na mataji 21. Mtu anayejiita mwenye timu hata asipokuwa na shilingi mfukoni ana thamani ambayo mhasibu hawezi kuiandika katika vitabu vyake.

Na tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini. Mashabiki wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira mdogo kwa gongo na kukimbia vituo vinne, wameonja shubiri hii katika mji wa Oakland, California. Timu yao, Athletics, ilihamia hapo mwaka 1968 na kushinda ubingwa wa taifa mara nne: 1972, 1973, 1974 na 1989. Mmiliki wake akaamua kuihamishia Las Vegas, mji wa kamari ulio jangwani.

Mashabiki wa Oakland walikuwa wamesusia uwanja kwa hasira, na mmiliki akautumia ususiaji huo kama ushahidi kwamba mji hauitaki timu. Mnamo Juni 2023 wakabuni mbinu ya kinyume. Walikubaliana waende wote siku moja, si kuisifu menejimenti, bali kuonyesha kwamba watu wapo. Zaidi ya 27,000 walijitokeza wakimtaka mmiliki auze timu kwa atakayeibakisha. Ilikuwa usiku mzuri, na haikusaidia kitu. Mechi ya mwisho mjini humo ilichezwa Septemba 26, 2024, mbele ya watu zaidi ya 46,000, na kuanzia 2025 timu ikahamia kwa muda karibu na Sacramento ikingoja uwanja wake mpya wa Las Vegas.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ya kilichofuata. Wakazi wa Oakland walianzisha timu nyingine ya besiboli, ndogo, ya ligi ya chini, wakaiita Ballers, nayo ikawauzia mashabiki wa kawaida hisa. Wanacheza katika uwanja wa mtaani uliokarabatiwa. Hakuna nyota wa mamilioni ya dola. Mwaka 2025 wakatwaa ubingwa wa ligi yao hiyo ndogo. Shabiki wa Oakland aliyekuwa na timu kubwa isiyo yake sasa ana timu ndogo ambayo sehemu yake ni yake kweli.

Tofauti kati yao na sisi ni kwamba wao walijifunza baada ya kupoteza. Sisi tumekwisha kupoteza mara moja, mwaka 2018, na tumepewa nafasi ya pili bila kuiomba.

Je, nafasi hiyo itumiwe vipi? Wapo watakaopendekeza klabu mpya ya Ruiru, yenye jina la Ruiru, ianzie ligi za mashinani na kupanda. Ni wazo tamu. Mji una uwanja wake, una watu, una mitaa mipya kila mwaka. Lakini safari ya kutoka ligi za chini hadi Ligi Kuu huchukua miaka na hula pesa, na nyingi ya timu zinazoianza huishia njiani. Wakazi wengi wa Ruiru pia ni wageni wa juzi, waliofuata nyumba za bei nafuu baada ya barabara kuu kufunguliwa mwaka 2012, na mioyo yao ya soka ingali Kakamega, Siaya au Kisii. Kuwapata hao kutahitaji subira.

Njia ya karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuibisha hodi kwa Bidco United. Kampuni ibaki kuwa mdhamini mkuu, maana hakuna mwingine wa kuubeba mzigo huo leo. Lakini ifungue mlango wa uanachama. Mashabiki wasajiliwe, wachague wawakilishi wawili au watatu wa kuketi katika kamati ya klabu, na iandikwe bayana kwamba siku kampuni itakapotaka kuondoka, wanachama watapewa notisi ya msimu mzima na nafasi ya kwanza ya kuchukua timu. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 tayari inazitaka klabu zijisajili kwa Msajili wa Michezo, kwa hivyo hili si jambo la kubuniwa upya.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mtu mmoja tu katika kila 100 wa mji wa Ruiru anajiunga. Hao ni watu 4,900. Kila mmoja akitoa Sh100 kwa mwezi, pungufu ya anazotumia kutazama mechi mbili tatu za Uingereza katika ukumbi wa video, zitapatikana karibu Sh5.9 milioni kwa mwaka. Ongeza wenzetu wa Thika, ambao sensa iliwahesabu kuwa 251,407, na kwa kiwango hichohicho jumla inakaribia Sh8.9 milioni.

Hizo hazitoshi kuendesha klabu ya Ligi Kuu, na anayedai zinatosha hajawahi kulipia basi la timu hadi Mombasa na kurudi. Zinaweza kulea timu ya vijana. Muhimu zaidi, zinaweza kuishikilia timu isizame kwa mwaka mmoja wa dhoruba, na mwaka mmoja ndio Thika United ilioukosa.

Kaunti ya Kiambu nayo ina sehemu yake, na sehemu hiyo ni viwanja. Timu nyingi za Ligi Kuu zimewahi kucheza mechi za nyumbani mbali na nyumbani kwa kukosa uwanja unaokubalika, na hakuna linalofukuza shabiki haraka kama kuambiwa asubuhi ya mechi kwamba imehamishwa. Uwanja wa Thika ukiwa tayari kila wiki, na ule wa Ruiru ukipokea hata mechi tatu nne kwa msimu, mtu wa Githurai, Kahawa au Membley ataifikia timu bila kupanda magari mawili.

Na tusiwasahau wanawake. Thika Queens walitwaa ubingwa wa ligi ya wanawake ya taifa katika msimu wa 2020-21, taji ambalo wanaume wa mji huo hawajalileta katika ligi yao. Ukimuuliza shabiki wa Ruiru amtajie mchezaji mmoja wa kikosi hicho cha mabingwa, wengi watakohoa. Mimi mwenyewe nilikohoa nilipoulizwa mara ya kwanza, na aliyeniuliza alikuwa msichana wa shule niliyeketi naye kwenye matatu, aliyevaa viatu vya mpira vilivyoungwa kwa gundi.

Alishuka Juja. Alikuwa akienda mazoezini, na alitaka kujua kama ni kweli Thika kuliwahi kuwa na timu ya maziwa.